Walivyogeuzwa Mashetani: Vijana wa Pikipiki wa London, Roki na Kiu ya Spidi

London, mwaka 1961, saa nne usiku. Pembeni ya barabara ya North Circular, kaskazini magharibi mwa jiji, kuna mgahawa ambao mtu mwenye hadhi yake hawezi kuingia. Chai nzito kwenye vikombe vizito, mayai, mkate, viazi vya kukaanga. Ni sehemu ya madereva wa malori, inafunguliwa saa 24. Lakini usiku huu malori yamesogezwa pembeni. Mbele ya mlango zimepangwa pikipiki, safu kwa safu, na ndani moshi wa sigara umetanda mpaka dari halionekani. Kwenye kona kuna ile mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Inaimba kwa sauti ya juu na hakuna anayelalamika.

Mgahawa huo unaitwa Ace Cafe. Na hao madogo waliojaa ndani, wenye jaketi nyeusi za ngozi, nywele zimelazwa kwa mafuta mpaka zinang'aa, ndio waliokuwa wanatisha wazazi wa Uingereza kuliko kitu chochote kipindi hicho. Magazeti yaliwaita kila jina baya. Polisi waliwawinda. Kumbi za dansi ziliwafungia milango. Miaka mitatu baadaye nchi nzima ingeaminishwa kwamba wanataka kuichoma.

Sasa swali: walikuwa kina nani hasa? Maana ukiangalia picha za siku hizi, jaketi la ngozi na pikipiki ya kizamani ni urembo wa watu wenye hela. Ni tangazo la saa na manukato. Wenyewe walioanzisha hawakuwa na hela hata kidogo. Walikuwa watoto wa mafundi, wa makuli, wa wauza nyama. Na wengi wao hakuna kitabu kilichowahi kuandika majina yao.

Mtihani wa miaka 11

Ili uwaelewe, anzia shuleni. Uingereza ya baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na mtihani mmoja ambao mtoto alifanya akiwa na miaka 11. Ukifaulu, unaenda shule ya wasomi, na mbele yako kuna chuo, ofisi na tai. Ukifeli, unaenda shule ya kawaida, unamaliza na miaka 15, unaingia kiwandani. Watoto wengi walienda huko kwenye shule ya kawaida. Yaani mtu hajabalehe na tayari ameshaambiwa maisha yake yataishia wapi.

Kwa hiyo ukiwa na miaka 16 wewe ni kijana wa karakana. Asubuhi king'ora kinalia, unaingia, unasimama kwenye mashine moja mpaka jioni. Msimamizi anakufokea. Kesho hivyo hivyo. Na ukifika miaka 18 jeshi linakusubiri, kwa sababu wavulana wote walilazimishwa kutumikia jeshi, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 50 ilikuwa miaka miwili kamili.

Halafu mambo manne yakatokea kwa kufuatana.

La kwanza, mwaka 1950 mgao wa petroli ukaisha. Tangu vita ianze mafuta yalikuwa yanatolewa kwa kuponi. Sasa ukawa na hela yako, unaweka mafuta, unaondoka.

La pili, kazi zikawa nyingi. Viwanda vilihitaji mikono na vijana wakaanza kulipwa vizuri kuliko kizazi chochote kabla yao. Mwaka 1959 mtafiti Mark Abrams alitoa ripoti maarufu kuhusu vijana na matumizi yao ya hela, na wafanyabiashara wakashtuka: kumbe hawa watoto ni soko!

La tatu, mkopo. Unatoa kiasi kidogo mwanzoni, kinachobaki unalipa kidogo kidogo kila wiki. Gari ilikuwa mbali bado, lakini pikipiki kijana wa kiwandani aliweza kuifikia, tena ile kubwa.

La nne, mwisho wa mwaka 1960 serikali ikaacha kuwaita vijana jeshini kwa lazima. Ghafla kijana wa miaka 18 ana mshahara, ana pikipiki, hana sajenti wa kumfokea, hana mke wala watoto. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, ni mali yake mwenyewe. Kwa tabaka la wafanyakazi wa Uingereza, jambo hilo lilikuwa jipya kabisa.

Muziki uliokatazwa nyumbani

Kipindi hicho redio ilikuwa BBC, na BBC ilikuwa ya washua. Muziki laini, okestra, vipindi vya kufundisha adabu. Roki ilipoanza kuvuka bahari kutoka Marekani, BBC iliipa nafasi ndogo sana, kama mtu anayetoa sadaka kwa shingo upande. Vijana wakawa wanajifungia chumbani usiku kutafuta Radio Luxembourg, ambayo mawimbi yake yalikuja na kupotea kama mtu anaongea chini ya maji.

Ndiyo maana ile mashine ya sarafu mgahawani ilikuwa na thamani kubwa. Ilikuwa na santuri ambazo nyumbani baba asingeruhusu. Chuck Berry, Little Richard, Elvis, Jerry Lee Lewis. Na hapa kuna kitu cha kukumbuka: mzizi wa muziki huu ni Wamarekani weusi. Blues, injili na dansi za mitaani za watu waliobaguliwa ndizo zilizosafiri mpaka kwenye masikio ya mtoto wa kizungu wa kiwandani huko London, naye akasema, huyu ananiimbia mimi.

Mwaka 1956 filamu ya Rock Around the Clock ilipofika, vijana walicheza kwenye njia za katikati ya viti, viti vingine vikachanwa kwa visu, polisi wakaitwa. Miji kadhaa ikaipiga marufuku. Wakati huo waliokuwa wanatisha ni Teddy Boys, wale wa makoti marefu na viatu vya soli nene. Unaweza kusema ni kaka wakubwa wa hawa wa pikipiki. Wadogo wakarithi nywele na muziki, koti wakalitupa kwa sababu ukipanda nalo pikipiki linakuua.

Jaketi ya ngozi nayo ina stori yake. Kuna filamu ya Marekani inaitwa The Wild One, Marlon Brando ndani, kiongozi wa kundi la pikipiki. Ilitengenezwa mwaka 1953. Bodi ya filamu ya Uingereza ikaikataa, na haikupewa kibali mpaka mwaka 1967. Lakini picha za Brando akiwa na jaketi na kofia yake zilisambaa, na hizo zilitosha. Cha kuchekesha ni kwamba pikipiki aliyopanda Brando humo ni Triumph Thunderbird, iliyotengenezwa Meriden, Uingereza. Filamu imepigwa marufuku nyumbani kwa mchuma wenyewe!

Halafu akaja Gene Vincent. Huyu alikuwa mwimbaji Mmarekani aliyevunjika mguu kwenye ajali ya pikipiki mwaka 1955, akabaki anachechemea maisha yake yote. Alipofika Uingereza mwisho wa mwaka 1959, mtayarishaji wa televisheni Jack Good akamvalisha ngozi nyeusi kuanzia juu mpaka chini. Kwa vijana wa Ace Cafe hilo lilimaliza kila kitu. Jamaa anaimba roki, amevaa ngozi, na mguu wake umeharibiwa na pikipiki. Utamtaka nani tena?

Aprili 1960 Vincent alikuwa kwenye ziara na rafiki yake Eddie Cochran. Usiku wakitoka kwenye onyesho la Bristol, teksi yao ikagonga nguzo ya taa katika mji wa Chippenham. Cochran akafa kesho yake, hospitali ya Bath. Alikuwa na miaka 21. Vincent aliumia ila akapona. Tangu siku hiyo roki na kifo cha barabarani vikawa kitu kimoja kwenye vichwa vya vijana hawa. Waliendelea kupiga santuri za Cochran miaka na miaka, wakati wengine wameshahamia kwa Beatles.

Mchuma wa kuunda mwenyewe

Lengo lilikuwa moja: ton. Kwa lugha ya mtaani ya Kiingereza hiyo ni 100. Maili 100 kwa saa, sawa na kilomita 160. Ukifika hapo, wewe ni mtu. Usipofika, kanywe chai.

Tatizo ni kwamba pikipiki nyingi za dukani hazikufika hapo kirahisi. Kwa hiyo hawa vijana, ambao mchana ni mafundi wa viwandani, usiku wakageuka wahandisi. Walitoa kila kitu kisicho na kazi, hata taa za pembeni. Usukani wa juu ukatolewa, ukawekwa mfupi unaofungwa moja kwa moja kwenye nguzo za mbele, chini kabisa, ili dereva alale juu ya tangi na upepo umpite mgongoni. Pa kukanyagia pakarudishwa nyuma. Kiti kikawa cha mtu mmoja na nusu. Ekzosi ikakunjwa ipande juu isikwaruze lami kwenye kona. Muundo huu leo dunia nzima inauita cafe racer. Uliundwa vibandani na jikoni kwa mama, kwa spana za kuazima.

Mfalme wa zote aliitwa Triton. Jina lenyewe ni Triumph na Norton zimeunganishwa, na pikipiki ndivyo ilivyo. Fremu ya Norton, iliyoitwa Featherbed, ilikuwa inashika kona kuliko zote. Injini ya Triumph ya silinda mbili ilikuwa na nguvu na ni rahisi kuichokonoa. Kijana akasema, kwa nini nichague? Akachomeka injini ya huyu kwenye mifupa ya yule.

Fremu zilitoka wapi? Hapa ndipo utamu ulipo. Kulikuwa na mashindano ya magari madogo ya injini ya cc 500, na injini nzuri kuliko zote ilikuwa ya Norton. Lakini Norton hawakuuza injini peke yake. Kwa hiyo wenye hela wakawa wananunua pikipiki nzima ya mashindano, wanang'oa injini, mifupa wanaitupa kona ya gereji. Masalia ya tajiri yakawa ndoto ya maskini.

Kwa ambaye hakuweza kuunda, zilikuwepo za kununua. BSA Gold Star kutoka Birmingham. Triumph Bonneville iliyoingia sokoni mwaka 1959. Na mwaka huo huo wa 1959, mwezi Novemba, Uingereza ikafungua barabara kuu ya M1, pana, imenyooka na haina ukomo wa spidi. Ni kama kumpa mtoto kiberiti na petroli halafu umwambie asicheze.

Santuri inaisha, chai inapoa

Stori inayosimuliwa kuliko zote kuhusu Ace Cafe ni hii. Mtu anatumbukiza sarafu, anachagua wimbo. Santuri ikianza tu, jamaa anakimbia nje, anawasha, anaenda mpaka alama fulani barabarani, anageuza, anarudi. Akiingia ndani wimbo haujaisha, ameshinda. Ukiisha, amekufa kijamii.

Imesimuliwa sana hadi imekuwa kama ngano za bibi, na kila aliyesimulia ameongeza chumvi yake. Lakini piga hesabu. Wimbo wa roki wa siku hizo ulikuwa dakika mbili na nusu hivi. Hata ungekwenda kilomita 160 kwa saa bila kupunguza hata sekunde moja, usingepita kilomita 7, kwenda na kurudi. Barabara ya kawaida, yenye taa, malori na watu wanaotoka kazini. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini mama zao hawakulala.

Wasichana nao walikuwepo. Wengi walikaa nyuma, wameshika kiuno, skafu kichwani. Wachache waliendesha wenyewe, na hao walihitaji roho ngumu mara mbili: moja ya spidi, nyingine ya maneno ya watu. Kwa binti wa mwaka 1961, kuonekana nyuma ya pikipiki tu kulitosha kuharibu jina mtaa mzima.

Ulevi haukuwa mkubwa kama watu walivyodhani. Mgahawa ulikuwa wa chai. Hata dawa za kulevya hazikuwa mambo yao sana. Kilevi chao kilikuwa kile kisahani cha spidi na mshale wake.

Idadi ya waliokufa

Hapa lazima isemwe ukweli bila kupaka rangi. Walikufa. Walikufa wengi.

Mwaka 1960 peke yake zaidi ya watu 1,500 walipoteza maisha kwenye pikipiki Uingereza. Si wote walikuwa vijana wa Ace Cafe, kwa sababu siku hizo pikipiki ilikuwa usafiri wa baba anayekwenda kazini pia. Lakini vijana walikuwa mbele kwenye foleni ya makaburi. Kofia ngumu haikuwa sheria, na haikuwa sheria mpaka mwaka 1973. Wengi walivaa mafuta ya nywele tu. Breki zilikuwa za ngoma, zile ambazo zikipata moto zinasahau kazi yake. Matairi membamba, barabara imelowa mvua, taa ya mbele hafifu kama mshumaa.

Vijiweni ilikuwa kawaida kufika Jumapili ukakuta kikombe kimoja hakina mtu. Watu wanaulizana kwa macho. Mmoja anatikisa kichwa. Mwingine anatumbukiza sarafu, anachagua wimbo aliokuwa anaupenda marehemu. Hiyo ndiyo ilikuwa hitma yao. Hakuna aliyewafundisha kulia.

Serikali ilifanya nini? Mwaka 1961 ikaweka sheria kwamba anayejifunza asiendeshe zaidi ya cc 250. Sheria nzuri. Ila viwanda ni viwanda: Royal Enfield wakaja na Continental GT ya cc 250, imefungwa usukani wa chini na sura yote ya mashindano, kwa ajili ya huyo huyo mwanafunzi. Magazeti nayo yakapata biashara. Kila ajali ilikuwa ukurasa wa mbele, kila kijana wa ngozi akawa mtu anayetafuta kufa. Mwaka 1964 kundi la wasichana la Marekani, Shangri-Las, likatoa Leader of the Pack, wimbo wa binti anayempoteza mpenzi wake kwenye ajali ya pikipiki. BBC ikakataa kuupiga. Watu wakaununua hivyo hivyo.

Padri aliyepita bila kusimama

Katika makelele yote hayo, aliyepata akili ya kwenda kuwauliza wenyewe alikuwa padri.

Mashariki ya London, Hackney Wick, kanisa la Anglikana lilikuwa na klabu ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1959, ndiyo maana ikaitwa 59 Club. Siku ya kufunguliwa alikuwepo Cliff Richard. Mwaka 1962 padri mmoja wa hapo, Bill Shergold, ambaye mwenyewe alikuwa anaendesha pikipiki, akaamua kuwaalika vijana wa Ace Cafe waje kwenye ibada. Akachukua matangazo yake, akaenda. Mara ya kwanza alipofika akaona umati ule wa ngozi nyeusi, moyo ukamwenda mbio, akapitiliza bila kusimama. Padri naye ni binadamu.

Akarudi siku nyingine. Akasimama. Akaingia. Alitegemea matusi, pengine na kipigo. Badala yake wakamzunguka, wakaanza kumuuliza maswali mpaka akachelewa kurudi nyumbani. Na ibada ilipofika, vijana walijaa kanisani, pikipiki zikaingizwa mpaka ndani. Picha za siku hiyo zipo mpaka leo: mapadri wamevaa kanzu, pembeni yao Triumph zimesimama.

Baada ya hapo klabu ikafungua sehemu maalumu ya pikipiki. Kukawa na meza ya mchezo, chai, mashine ya muziki, na mahali ambapo hakuna anayemfukuza mtu kwa sababu ya jaketi lake. Wanachama wakafika maelfu. Mwaka huo huo Princess Margaret, mdogo wake Malkia, akaja kuwatembelea. Yaani kitaa kile kile kilichoitwa jalala kikapokea mtoto wa mfalme.

Jiulize kidogo. Kumbi ziliwafukuza, polisi wakawafukuza, na mtu mmoja aliyewafungulia mlango hakuibiwa hata kijiko.

1964: filamu ya kutisha iliyotengenezwa na magazeti

Sasa njoo kwenye balaa lenyewe. Miaka ya mwanzo ya 60 likazuka kundi jingine, Mods. Hawa walipanda skuta za Kiitaliano, Vespa na Lambretta, zimefungwa vioo kama mti wa Krismasi. Suti za kubana, nywele fupi safi, muziki wa Wamarekani weusi na wa Jamaika. Wengi wao walitoka familia zile zile za wafanyakazi, tofauti ni kwamba walikuwa makarani, wauzaji wa duka. Kwao kijana wa ngozi alikuwa mshamba ananuka mafuta. Na kwa kijana wa ngozi, Mod alikuwa mtoto wa mama. Wakati huu ndipo jina la Rockers likashika kweli kweli.

Pasaka ya mwaka 1964 vijana wengi walienda mji mdogo wa pwani unaoitwa Clacton. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, baridi na mvua. Hakuna la kufanya. Baadhi ya wenye maduka wakakataa kuwahudumia. Vurugu zikaanza: kurushiana mawe, kuvunja vioo, kukimbizana kwa pikipiki na skuta. Polisi wakakamata watu 97.

Kesho yake ukisoma magazeti ungedhani mji umetekwa. Mwanasosholojia Stanley Cohen, mzaliwa wa Afrika Kusini, alilichambua suala hili kwa miaka kadhaa, na mwaka 1972 akatoa kitabu kinachosomwa vyuoni mpaka leo, Folk Devils and Moral Panics. Alichokikuta kinachekesha na kuumiza. Taarifa moja ilisema vioo vya kumbi zote za dansi za ufukweni vilivunjwa. Ni kweli kabisa, kwa sababu mji ulikuwa na ukumbi mmoja tu wa dansi, na baadhi ya vioo vyake vilivunjika.

Mwezi Mei ikawa zamu ya Margate na Brighton. Safari hii vijana walikuja wengi zaidi, na waandishi wa habari nao walikuwa tayari na kamera zao. Ukimwambia mtu kwamba Jumapili kutakuwa na vita ufukweni, watu watakuja kuangalia vita. Na wakishajaa, utapata vita yako.

Pale Margate kijana mmoja alihukumiwa faini ya pauni 75. Akamjibu hakimu kwamba atalipa kwa hundi. Magazeti yakaruka nayo: unaona, hawa si maskini, ni watoto wenye hela waliodeka! Cohen anaeleza kwamba kijana huyo mwenyewe alikiri baadaye kuwa hakuwa hata na akaunti ya benki. Hajawahi kusaini hundi maishani mwake. Alikuwa anajikaza tu mbele ya watu, asionekane mnyonge. Magazeti machache tu yalijali kusahihisha. Hundi yake ambayo haikuwepo ilitumika kwa miaka kuonyesha kwamba kizazi kizima kimeharibika.

Hicho ndicho kilikuwa kiini cha mambo. Uingereza ilikuwa inabadilika haraka, vijana wa chini wanapata hela, hawainamishi kichwa tena. Waliozoea kuinamiwa walihitaji mtu wa kumwogopa. Kijana wa ngozi alikuwa karibu, ana kelele, hana mwanasheria.

Walikwenda wapi?

Hawakupigwa wakashindwa. Walikua. Mtu akioa, mtoto akazaliwa, pikipiki inauzwa, inanunuliwa gari ndogo ya mtumba ambayo bei yake imeshuka. Mwisho wa mwaka 1965 serikali ikaweka ukomo wa maili 70 kwa saa kwenye zile barabara kuu. Mwaka 1969 Ace Cafe ikafunga milango, jengo likageuka duka la matairi. Mwaka huo huo Honda ya Japani ikaingiza CB750, silinda nne, inawaka kwa kubonyeza kitufe, haivujishi mafuta. Viwanda vya Uingereza vilivyodharau vijana na kudharau Wajapani vikaanza kuanguka kimoja kimoja. BSA iliporomoka miaka ya mwanzo ya 70. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kilifungwa mwaka 1983. Kwa hiyo wale waliokuwa wanaunda pikipiki bora usiku walipoteza na zile kazi za mchana.

Mwaka 1994 mtu mmoja aliyekuwa askari polisi, Mark Wilsmore, akaitisha mkutano wa kumbukumbu pale pale North Circular. Wakaja maelfu. Vichwa vyeupe, vitambi, magoti mabovu, jaketi hazifungiki zipu. Mwaka 2001 mgahawa ukafunguliwa rasmi tena. Leo upo, watalii wanapiga picha. Na ndiyo, aliyeufufua ni polisi. Ungewaambia hivyo mwaka 1961 wangekurushia kikombe.

Biashara nayo ikazunguka dunia. Triumph ilifufuliwa na mwenye hela mwingine, na tangu mwaka 2023 pikipiki zake za cc 400 zinatengenezwa India na Bajaj. Bajaj ndiyo ile ile ya Boxer, inayobeba abiria na magunia ya mkaa kutoka Mbagala mpaka Kisumu. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye tangi la kijana wa Ace Cafe na jina lililoandikwa kwenye tangi la bodaboda wa mtaani kwenu sasa vinapita kwenye mikono ya mtengenezaji mmoja.

Bodaboda hapandi pikipiki kwa ajili ya roki, anatafuta mkate. Tusilazimishe mambo yafanane. Lakini kuna kitu kimoja kinafanana bila kulazimishwa. Kijana wa chini akishika chombo cha moto, watu humhesabia ajali zake na makosa yake, tena kwa sauti kubwa, kabla hajatokea wa kumuuliza jina. Zaidi ya miaka 60 iliyopita padri mmoja wa Hackney Wick aliyeogopa alirudi mara ya pili, akasimamisha pikipiki yake, akauliza. Je, kijiweni kwenu ni nani ameshasimama?